Kadi za besiboli zenye sura ya kale: thamani iko kwenye sura au kwenye umri?

Mkusanyaji wa Ohio

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, lakini wiki hii watu watatu wa nyumbani wamenitumia picha WhatsApp wakiuliza swali lile lile: "Hii kadi ya zamani inaweza kuwa na hela?" Wote watatu walikuwa na kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, ambazo si za zamani. Ni kadi mpya zilizovalishwa nguo za zamani. Nimeona bora niandike mara moja, kila mwenye swali asome hapa.

Nianze na kilichonipata mimi. Mwaka wangu wa tatu hapa Marekani nilikwenda gulio la Jumapili nikakuta mzee kapanga kadi kwenye meza ya kukunja. Katikati ya meza, ndani ya kifuko cha plastiki kigumu, ilikuwepo kadi ya nyota wa besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952: jezi ya timu ya Yankees, gongo begani, anga ya buluu nyuma yake. Kona zilikuwa zimechakaa vizuri kabisa, na rangi imepauka kidogo kama kitu kilichokaa sandukuni miaka mingi. Nikalipa dola 240, hela ya zamu mbili za usiku. Nilifika nyumbani nikaiweka mezani pembeni ya kadi ya kawaida ya mwaka ule, nikaona zinalingana ukubwa. Hapo moyo ukanishuka. Kadi halisi ya 1952 ni kubwa kuliko kadi za leo: inchi 2⅝ kwa 3¾. Ukubwa wa sasa, inchi 2½ kwa 3½, Topps waliuanza mwaka 1957. Mantle wangu alikuwa mfupi. Ilikuwa nakala ya baadaye, imesuguliwa kona kwa makusudi na imepauliwa ili ionekane mzee.

Tangu siku ile nikaamua nijifunze, na nilichojifunza ndicho ninachotaka kusema hapa: kadi yenye sura ya kale inaweza kuwa na thamani kubwa tu, ila thamani hiyo haitoki kwenye sura. Sura inakuita uisogelee, lakini bei inatoka kwingine.

Kwanza tuelewe kilichofanya kadi za kale zenyewe ziwe ghali. Topps ilikuwa kampuni ya Brooklyn iliyouza bablishi, na kadi zilitiwa ndani ya pakiti ili watoto wanunue bablishi. Seti ya 1952 ilichorwa na Sy Berger wa Topps na mwenzake Woody Gelman, kwenye meza ya jikoni nyumbani kwa Berger. Ina kadi 407, zikatoka kwa mafungu. Fungu la mwisho, namba 311 hadi 407, lilichelewa kufika madukani. Msimu wa besiboli ulikuwa ukingoni, watoto wamehamia kwenye mpira wa Kimarekani, na maboksi yakabaki ghalani. Berger mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1960 walipakia makasha kwenye tishari la taka wakayamwaga Bahari ya Atlantiki. Mantle ni namba 311, kadi ya kwanza kabisa ya fungu hilo.

Halafu zile zilizouzwa ziliingia mikononi mwa watoto, na watoto walizichezea. Walizibana kwenye spoki za baiskeli ili zilie kama pikipiki. Walizifunga rundo kwa mpira wa kufungia hela. Tazameni kadi namba 1 ya seti hiyo, Andy Pafko wa Brooklyn Dodgers. Hakuwa nyota wa kiwango cha Mantle hata kidogo, lakini Pafko safi ni ghali mno, kwa sababu alikuwa juu ya rundo na mpira ulimkata kingo. Ukipata moja yenye alama ya mpira pembeni utaona kabisa kijishimo, kama mkato wa ukucha. Kadi ya mwisho, namba 407, Eddie Mathews, iliteseka vivyo hivyo huku chini.

Kwa hiyo ughali wake umetokana na mtoto aliyeichezea, mama aliyeitupa wakati wa kufagia na maboksi yaliyozama baharini. Yote hayo yalitokea bila mtu kupanga. Kadi ya Mantle iliyouzwa dola milioni 12.6 mnada wa Agosti 2022 ilipewa daraja la usafi 9.5 kati ya 10, na aliyeiuza alikuwa kainunua mwaka 1991 kwa dola 50,000.

Sasa kadi za leo zinazoiga sura hiyo zinatengenezwa na watu wanaojua tayari kwamba zitahifadhiwa. Hilo linabadilisha kila kitu. Nitaendelea, ngoja kwanza nisikie maswali.

Nahodha wa Temeke

Mkuu, shukrani kwa uzi. Mimi niko Dar na besiboli siijui kabisa, ila biashara naijua. Swali langu fupi: kama kitu ni cha kuiga na kila mtu anajua kinaiga, mnunuzi analipia nini? Huku kwetu ukiuza saa ya kuiga unakimbizwa.

Bi Nuru wa Old Town

Nahodha, hapo mimi nakupinga kidogo. Niko Mombasa, na biashara ya kanga imekuwa nyumbani kwetu tangu bibi. Hebu fikiria kisutu. Kisutu ni mchoro wa zamani sana: nyekundu, nyeusi na nyeupe, na bibi harusi wa pwani lazima awe nacho. Kinachapwa hadi leo. Hakuna anayesema kisutu cha mwaka huu ni bandia, ni kisutu. Lakini ukiniletea kisutu alichoolewa nacho bibi yangu, hicho ni kingine kabisa, hata kama mchoro ni ule ule. Basi nauliza, hizi kadi ni kama kisutu kipya, ama ni kama saa ya kuiga ya Nahodha?

Mkusanyaji wa Ohio

Bi Nuru, umenirahisishia kazi. Mfano wako ndio wenyewe, na nitautumia.

Wakuu, kuna vitu vitatu ambavyo macho ya mgeni huviona kimoja, na lazima vitenganishwe.

Kuna ghushi. Hiyo ni saa ya Nahodha, kama ile niliyouziwa mimi gulioni: kitu kinadai ni cha 1952 wakati si cha 1952. Thamani yake ni sifuri na kukiuza ni wizi.

Kuna nakala halali. Mwaka 1983 Topps wenyewe walichapa upya seti ya 1952. Walitoa kadi 402 badala ya 407, kwa sababu hawakuelewana na wachezaji watano. Nyuma imeandikwa kwamba ni nakala, na ukubwa wake ni wa kisasa. Nakala ya Mantle ya 1983 ikiwa safi ina soko lake, watu wanainunua kwa jina lake halisi. Tatizo linaanza pale mtu anapoifuta maandishi au kuisugua kona.

Halafu kuna kisutu kipya, na hiki ndicho kiini cha uzi wangu. Mwaka 2001 Topps walianzisha seti inayoitwa Heritage. Walichukua umbo la 1952, lile lile la kibao chenye jina, sahihi na nembo ya timu, lakini ndani wakaweka wachezaji wa 2001. Mwaka uliofuata wakachukua umbo la 1953, na hivyo hivyo bila kuruka hadi leo. Kila mwaka ukitoa 49 unapata mwaka wa mchoro: 2012 ni umbo la 1963, 2020 ni umbo la 1971, 2024 ni umbo la 1975. Hakuna anayedanganywa. Ni kadi ya mchezaji wa leo iliyoshonwa kwa mshono wa babu.

Nahodha, unauliza mnunuzi analipia nini. Katika hali ya kawaida analipia senti chache. Nasema kweli. Fungua boksi la Heritage, toa wachezaji wa kawaida mia moja, peleka dukani, mwenye duka atakuonyesha kasha la kadi za bei ya jumla pembeni. Mchoro wa zamani haujaongeza hata senti moja. Umri wa mchoro si umri wa kadi.

Lakini hao watu wa Topps hawakuiga sura tu, waliiga na uhaba. Seti ya 2001 ina kadi 407 kama ya babu yake, na namba 311 hadi 407, zile zile zilizozama baharini, walizichapa chache makusudi. Hata kadi 80 za mwanzo zina migongo ya namna mbili, mwekundu na mweusi, kwa sababu mwaka 1952 nazo zilitoka hivyo. Mimi jambo hili linanigusa sana. Ni mtu aliyekaa akaisoma seti ya kale kadi kwa kadi, akaiga mpaka ajali zake.

Mama Zai, Minnesota

Kaka, Mungu akubariki, nilikuwa natafuta mtu wa kumuuliza. Mwanangu ana miaka kumi na moja, anacheza besiboli kwenye ligi ya mtaa hapa. Jirani yetu mzee alihamia kwa bintiye, akampa mtoto boksi la viatu limejaa kadi. Mtoto ananiambia humu kuna za miaka ya hamsini, kuna Mantle. Mimi naona karatasi tu. Nifanyeje? Sitaki nimvunje moyo, na sitaki nitupe hela.

Mkusanyaji wa Ohio

Dada, kwanza mwambie mtoto anawe mikono akaushe, asiegemeze vidole kwenye kona, na wala asifute kadi kwa kitambaa. Kisha fanyeni hivi kwa huyo Mantle.

Chukua rula. Ikiwa upana ni inchi 2½, mazungumzo ya 1952 yameishia hapo. Ikiwa ni 2⅝, geuza kadi usome maandishi yote ya nyuma, hasa yale madogo chini kabisa. Mwaka wa haki miliki ukisoma 1983 au wowote wa baadaye, basi ni wa mwaka huo, hata kama mbele inaonekana ya kale.

Kisha tafuta ile tochi ya urujuani wanayokagulia noti bandia. Zima taa, mulika nyuma ya kadi. Kadibodi ya wakati ule hubaki imenyamaza tu. Karatasi nyingi za kisasa zina dawa ya kung'arisha, zinawaka weupe wenye buluu kama shati jeupe lililotiwa buluu ya kufulia. Ikiwaka sana, ni mpya. Isipowaka, bado haijathibitisha kwamba ni ya kale, ila imepita mtihani mmoja.

Mwisho kuna lenzi ya sonara. Huu mtihani naupenda kuliko yote. Weka lenzi juu ya herufi nyeusi za jina. Kwenye kadi halisi, picha ya mchezaji imejengwa kwa nukta ndogo za rangi, lakini herufi na mistari ni wino mzito uliokaa mfululizo, kingo zimekatika safi. Kwenye ghushi iliyopigwa picha kutoka kadi nyingine, nukta zimeingia mpaka ndani ya herufi, yaani herufi yenyewe inaonekana kama imechanjwa. Ukishaiona mara moja hutaisahau. Mimi yule wa dola 240 nilimtazama hivyo nikaona nukta zimejaa mpaka kwenye sahihi.

Hizo nyingine za boksini, mtoto azipange kwa maandishi ya nyuma ya kadi, asizipange kwa sura ya mbele. Hapo ndipo atakapozitenganisha za zamani na Heritage.

Kijana wa Mnada

Naomba nichangie, na nitatofautiana kidogo na mwenye uzi. Niko Toronto, nauza na kununua kadi kila wiki kama kazi ya pembeni. Unasema sura haina bei. Mimi naona inayo. Mchezaji mpya yule yule, mwaka ule ule, ana kadi kumi na tano tofauti. Watu wengi wenye umri wa baba zetu hawagusi zile zinazong'aa kama kioo. Wanataka Heritage. Kadibodi yake haina mng'aro, ukiishika ina ukavu fulani kama jalada la daftari la zamani. Hao ni wateja, na mteja ni bei.

Na jambo la pili, mkuu, waambie watu wasikurupuke kununua wiki seti inapotoka. Bei huwa juu siku za mwanzo kwa sababu kadi zilizokwisha kufunguliwa ni chache. Mwezi ukiisha zimejaa sokoni. Mimi nauza wiki ya kwanza, nanunua mwezi wa tatu.

Mkusanyaji wa Ohio

Kijana wa Mnada, hoja ya pili nakubaliana nayo mia kwa mia. Na ya kwanza nakubali nusu: sura inaleta wateja, kweli. Ila tazama hao wateja wako wanalipia nini wakishafika mezani. Hawalipii kila kadi kavu. Wanauliza: ni kadi ya mwanzo ya mchezaji? Imesainiwa? Ina namba? Iko safi? Hebu nizipitie, maana hapa ndipo penye hela.

Kadi ya mwanzo. Tangu mwaka 2006 kadi ya msimu wa kwanza wa mchezaji ligi kuu inawekwa nembo yenye herufi RC. Shohei Ohtani, nyota kutoka Japani, kwa mfano, yumo kwenye Heritage ya 2018, namba 600, katika fungu la namba za juu linalotoka baadaye msimu ukiwa umeendelea. Umbo lake ni la 1969. Kadi hiyo inatafutwa kwa sababu ni Ohtani na ni mwaka wake wa kwanza Marekani. Ingekuwa ya mchezaji aliyepotea baada ya miaka miwili, umbo la 1969 lisingemwokoa.

Na hapa Heritage ina tabia yake inayowakwaza wengi. Miaka ya sitini Topps walikuwa wanawabandika wachezaji wapya wawili au zaidi kwenye kadi moja. Pete Rose alianza mwaka 1963 akiwa kichwa kimoja kati ya vinne. Nolan Ryan mwaka 1968 aligawana kadi na Jerry Koosman. Heritage inafuata mila hiyo, kwa hiyo mwaka 2017, kwa umbo la 1968, Aaron Judge aliwekwa kadi moja na Tyler Austin. Wanunuzi wengi hupendelea kadi ambayo mchezaji yuko peke yake, na bei inaonyesha hivyo. Mimi binafsi nazipenda hizi za wawili wawili. Ukiitazama unaona siku ambayo hakuna aliyejua nani atakuwa nani.

Namba. Mchukue mfano wa 2020, umbo la 1971. Kuna toleo la kadi zinazong'aa zilizochapwa 999 kila mchezaji, kuna linalong'aa kwa upinde wa mvua 571, na la ukingo mweusi 71. Unaona walivyozichagua? 571 na 71, mwaka wa mchoro. Namba imepigwa kwenye kadi yenyewe, hivyo uhaba wake unahesabika. Na kwenye seti ya kawaida, namba 401 hadi 500 zimechapwa chache kuliko zilizotangulia. Anayetaka seti kamili hukwama hapo, na ndiyo maana hata mchezaji wa kawaida wa namba 430 ana bei kubwa kuliko mwenzake wa namba 30.

Tena kuna zile zenye picha tofauti kwa siri. Namba ile ile, jina lile lile, lakini picha ni ya mchezaji akiwa katika mwendo badala ya kusimama. Usikisie kwa macho. Geuza kadi, kwenye mstari mdogo wa maandishi chini kuna msimbo, na tarakimu zake za mwisho ndizo hutofautisha ya kawaida na ile adimu. Nimewahi kukuta moja kwenye kasha la robo dola dukani, mwenyewe hakuwa kageuza nyuma.

Sahihi. Hapa nitakaa kidogo. Heritage ina kadi zilizosainiwa na wachezaji wenyewe juu ya kadi, siyo kwenye kibandiko kilichogandishwa baadaye. Wengi wao ni wazee waliocheza mwaka ule wa mchoro. Wino wa buluu ni wa kawaida, wino mwekundu umeandikwa na namba kwa mkono, na idadi yake ni tarakimu za mwaka: 52 kwa seti ya kwanza, 71 kwa ya 2020. Ninayo moja ya buluu, ya mrushaji ambaye wengi wenu hamjamsikia. Sahihi inapanda juu kidogo mwishoni, mkono ulikuwa unatetemeka, na kwenye herufi ya mwisho wino umekusanyika pale kalamu iliposimama kabla ya kunyanyuliwa. Huyo mzee alikwisha kufariki. Umbo la kadi ni la ujana wake, mkono ni wa uzee wake, na vyote viko kwenye kipande kimoja cha kadibodi. Hiki ndicho kitu ambacho kadi ya kale yenyewe haina na kadi ya kisasa ya kung'aa haina. Kwa hiyo, Kijana wa Mnada, hapo nakupa haki yako: sura inapokutana na mtu wake, inakuwa na thamani.

Usafi. Makampuni ya kupima madaraja, PSA wa tangu 1991, SGC na Beckett, huangalia kona, kingo, uso na kama picha imekaa katikati, kisha wanaifungia kadi kwenye kasha lenye namba. Watu hudhani kadi mpya lazima ipate 10. Siyo Heritage. Umbo la 1971 lina ukingo mweusi, na mweusi hausamehe: mchubuko mdogo kama punje ya chumvi unaonekana mweupe. Seti ya 2020 ilirithi tatizo hilo. Umbo la 1975 lina kingo za rangi mbili, nalo hivyo hivyo. Kadi nyingine zinatoka kwenye pakiti zikiwa tayari zimechubuka. Kwa hiyo daraja 10 la ukingo mweusi ni gumu kweli, na bei yake inaachana mbali na ya 9. Ila piga hesabu ya ada kabla ya kutuma. Kadi ya dola 5 haigeuki mali kwa kutiwa kwenye kasha.

Nahodha wa Temeke

Nimeanza kuelewa. Kumbe sura ni kibanda, bidhaa iko ndani. Swali lingine: wapo wanaoiga za zamani zaidi ya hizo za bablishi?

Mkusanyaji wa Ohio

Wapo, Nahodha. Kabla ya bablishi ilikuwa tumbaku. Kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitoa mwaka 1887 seti ya mabingwa 50 ndani ya pakiti za sigara, kadi ikisaidia pakiti isibonyee. Kumi tu walikuwa wa besiboli. Wengine walikuwa mabondia, wapiga makasia, wacheza biliadi, na mlenga shabaha Annie Oakley. Topps walifufua jina hilo mwaka 2006 na wakashika roho yake: hadi leo utakuta mchezaji wa besiboli, kisha mwanasayansi, kisha bingwa wa mchezo usioujua.

Humo kuna kadi moja yenye mtihani mkali. Ni kadi nene, ndani yake imefichwa kadi ndogo, na huwezi kuiona bila kuichana ile ya nje. Ukichana, umeua ya nje. Usipochana, hujui ulichonacho. Sokoni ambayo haijachanwa mara nyingi huuzwa zaidi ya kile kinachopatikana ndani, kwa sababu mnunuzi analipia matumaini. Mimi sijawahi kuchana.

Kuna pia kadi ziitwazo T206 za kampuni ya American Tobacco, 1909 hadi 1911, vipande vidogo vya inchi 1 na 7/16 kwa 2⅝. Humo ndimo alimo mchezaji Honus Wagner, aliyesimamisha kadi yake isichapwe. Wapo wanaosema hakutaka kuwauzia watoto tumbaku, wapo wanaosema alitaka alipwe. Zinazojulikana hazifiki 60, na moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Sura yake imeigwa na Topps tangu 2002. Na kwa kuwa ya asili ni ndogo hivyo na rahisi kuchapa, ndiyo inayoghushiwa kupita kiasi. Mkimwona Wagner gulioni, endeleeni na safari.

Bi Nuru wa Old Town

Ahsante, nimesoma neno kwa neno. Kwa hiyo kisutu kipya kina bei kikiwa na jina la bibi harusi.

Ndugu, ungekuwa na dola 100 leo, ungenunua nini?

Mkusanyaji wa Ohio

Bi Nuru, ningenunua kadi moja iliyosainiwa na mzee mmoja wa enzi ya mchoro, hata asiwe maarufu. Nisingenunua boksi. Boksi lililofungwa ni raha ya kufungua, na raha hiyo unalipia. Na kabla ya kulipa ningetazama bei zilizokwisha kuuzwa, si bei wanazotaja wauzaji. Mtu anaweza kuandika dola 900 na kadi ikakaa mwaka mzima bila mtu kuigusa.

Mama Zai, Minnesota

Kaka, tumerudi. Tumefanya kama ulivyosema, jana usiku, mimi na mwanangu na baba yake ametushikia tochi.

Mantle upana wake ni inchi 2½. Nyuma imeandikwa nakala. Mtoto alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi ni kisutu." Nilikuwa nimemsomea uzi.

Tumezipanga kwa miaka. Za miaka ya sabini ziko thelathini na mbili, nyingi zina ukingo mweusi na zimechubuka kama ulivyosema. Hakuna jina ninalolijua. Mwanangu anayajua manne. Halafu kuna rundo la Heritage za 2020, na hizo nazo ni nyeusi, tulikuwa tumezichanganya zote pamoja! Bila kugeuza nyuma nisingeamini kwamba zimeachana miaka 49.

Kwenye hilo rundo kuna saba za kuanzia namba 401 kwenda juu. Moja mchezaji yuko mbioni, wakati picha za wenzake wote wamesimama tu. Tumesoma msimbo wa nyuma lakini hatujui ya kawaida inaishia na tarakimu gani.

Mkusanyaji wa Ohio

Dada, itie kwenye kifuko laini kwanza, kisha kile kigumu, kwa mpangilio huo. Usiibane kwa mpira. Nitumie picha ya nyuma, chini kabisa, usogeze simu mpaka mstari ule mdogo usomeke. Orodha ya tarakimu za 2020 ninayo, naiangalia nikitoka zamu saa tano usiku.

Mama Zai, Minnesota

Nimetuma. Mtoto anasema hatalala mpaka ujibu, nimemwambia kesho ana shule.